Subira Si Kunyamaza



Ndugu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.T.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), twapenda wiki hii tuzungumzie neno moja ambalo katika nyumba zetu za pwani halipiti siku bila ya kusikika. Neno lenyewe ni “jikaze”.

Huambiwa mjane siku ya tatu ya matanga, wageni wanapoanza kurudi makwao. Huambiwa mwari aliyeolewa mji wa mbali, anapompigia mamake simu usiku. Huambiwa baba aliyepoteza kazi bandarini, naye huongezewa kwamba mwanamume halii. Huambiwa hata mtoto mdogo aliyefiwa na nyanya yake. Aghalabu husemwa kwa mapenzi, na anayelisema huwa hana jingine la kusema.

Lakini neno hili limebeba maana mbili. Ya kwanza ni kumtaka mtu asikate tamaa na rehema ya Mola wake, wala asiache wajibu wake kwa sababu ya msiba. Hiyo ndiyo subira, na malipo yake ni makubwa. Maana ya pili ni kumtaka mtu asionekane ameumia. Hiyo si subira, ni kujificha, na mara nyingi mtu huvunjika ndani kwa ndani huku majirani wakimsifu kwa uvumilivu. Katika safu hii twataka kuzitenganisha maana hizi mbili, kwani ziko nyumba zilizoangamia kwa kuzichanganya.

Waliolia na wakaitwa wenye subira

Tukirejea katika visa vya Mitume, hatukuti watu waliojifanya mawe. Nabii Yaqub (a.s.), kama tunavyosoma katika Surat Yusuf, alimlilia mwanawe hata macho yake yakageuka meupe kwa huzuni. Watoto wake walimlaumu kwa kutomsahau Yusuf. Yeye hakuona haya kuwajibu kwamba huzuni anayo, na kwamba aipeleka kwa Mwenyezi Mungu. Kisha papo hapo akawatuma waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wala wasikate tamaa. Tazama jinsi mambo haya mawili yalivyokaa pamoja katika moyo mmoja: machozi na matumaini. Naye ndiye katika sura hiyo hiyo aliyetaja mara mbili subira iliyo njema.

Nabii Ayyub (a.s.) alimwita Mola wake na kumweleza kuwa amepatwa na dhara. Hakukaa kimya. Na juu ya kusema kwake, Qur'ani imemtaja kuwa ni mja mwenye subira.

Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahim, macho yake yalibubujika machozi mbele ya masahaba. Abdurrahman bin Auf alipostaajabu, alifahamishwa kuwa hayo ni rehema, na kwamba jicho hulia na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhisha Mola. Na mwaka ule aliofiwa na Bi. Khadija (r.a.) pamoja na ami yake Abu Talib, wanahistoria waliuita Mwaka wa Huzuni. Hawakuona kuwa kuutaja kwa jina hilo kunapunguza cheo chake. Miaka mingi baadaye akichinja mbuzi hupeleka nyama kwa marafiki wa Bi. Khadija, ishara kwamba pendo lile halikuzikwa wala halikufichwa.

Huenda msomaji akauliza: je, Nabii Yaqub hakuipeleka huzuni yake kwa Mwenyezi Mungu peke yake? Mbona basi tuwaambie wanadamu? Swali hili ni la haki. Wanachuoni wametofautisha baina ya mtu anayemlalamikia Mola wake kwa viumbe, akiichukia kadari, na mtu anayeeleza hali yake ili apate dawa, shauri au msaada. Wa kwanza amekatazwa. Wa pili hana lawama. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipougua alimweleza Abdullah bin Mas'ud kuwa homa yake ni kama ya watu wawili. Hapo hapana kukosa subira. Pana mgonjwa anayesema ukweli wa ugonjwa wake.

Namna Bi. Khadija alivyosikiliza

Kisa ambacho twaona kingefaa kusomeshwa kila bibi arusi na kila bwana arusi ni kile cha usiku wa wahyi wa kwanza. Mtume (s.a.w.) alirudi kutoka pango la Hira moyo ukimtetemeka. Hakwenda kujificha. Aliingia kwake, akaomba afunikwe, na ulipomwondokea woga akamsimulia mkewe yaliyompata, akakiri mbele yake kuwa ameihofia nafsi yake.

Angalia mambo matatu aliyoyafanya Bi. Khadija. Kwanza, alimfunika na kumwacha atulie. Hakumhoji kabla ya wakati wake, wala hakumwambia ajikaze. Pili, alimkumbusha yeye ni nani: ni mtu anayeunga jamaa zake, anayewabebea wanyonge mizigo yao, anayekirimu wageni, na mtu wa namna hiyo Mwenyezi Mungu hamfedhehi. Hakusema maneno matupu ya kupoza. Alitaja mambo aliyoyaona kwa macho yake katika miaka ya ndoa yao. Tatu, jambo lilipokuwa kubwa kuliko ujuzi wake, alimchukua hadi kwa binamu yake Waraqa bin Naufal, mzee aliyekuwa na elimu ya vitabu vilivyotangulia.

Kufunika, kukumbusha, kumpeleka kwa mjuzi. Kama tungeyashika haya matatu, nyumba nyingi zingekuwa hospitali ya kwanza ya mioyo.

Wala haikuwa mara moja tu. Mwaka wa 6 Hijria, huko Hudaybiya, masahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa kwa uchungu wa mkataba ule, Mtume (s.a.w.) aliingia kwa mkewe Bi. Ummu Salama (r.a.) na kumweleza yaliyomkuta. Bibi huyu akampa shauri: atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Akafanya hivyo, na watu wote wakafuata. Laiti angaliona ni udhaifu kumweleza mkewe taabu yake, shauri lile lisingepatikana.

Sitara na mpaka wake

Sisi watu wa pwani twaijua thamani ya sitara. Twafunika kasoro za watu wetu, twafunga mlango kabla ya kuzungumza mambo ya ndani, na twamfunza mtoto kuwa ya nyumbani hayapelekwi barazani. Hii ni tabia njema na hatuihimizi iachwe. Dini imetuamrisha kusitiriana, na imeiita ghiba kuwa ni sawa na kula nyama ya ndugu aliyekufa.

Lakini sitara iliwekwa ili imlinde mtu. Ikigeuka kuwa kifungo kinachomzuia kupata msaada, imeshapoteza kazi yake. Wazee wetu walilijua hili waliposema mficha uchi hazai. Mwanamke aliyemshika uchungu hukubali kutazamwa na mkunga, na hakuna anayemwita mkosa haya. Tendo lile la kujifunua mbele ya mmoja aliyeaminiwa ndilo linaloleta uhai.

Hata sheria yenyewe imeacha mlango. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja mambo sita ambayo kumtaja mtu kwayo hakuhesabiwi ghiba iliyoharamishwa, na miongoni mwayo ni aliyedhulumiwa kumshtakia mwenye uwezo wa kumsaidia, na mtu kutaka fatwa. Bi. Hind binti Utba alimweleza Mtume (s.a.w.) waziwazi kuwa mumewe Abu Sufyan ni mzito wa kutoa, hampi yeye na watoto kinachowatosha. Hakukemewa kwa kuitoa siri ya nyumba yake. Aliruhusiwa achukue kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Basi dada anayenyimwa posho, au anayepigwa, asiambiwe kuwa kumweleza babake, kadhi au mzee mwenye busara ni kuvunja sitara ya ndoa. Aliyeivunja ni yule anayedhulumu.

Maradhi tunayoyafunika

Twaomba ruhusa tuyataje mambo mawili kwa majina yake, kwa kuwa yamo katika mitaa yetu na hufunikwa kwa kanga moja.

La kwanza ni unga. Kijana akiingia katika heroini, mama ndiye wa kwanza kujua. Huona bangili zimepungua, huona mwana halali usiku wala haamki asubuhi. Hulipa madeni yake kimyakimya. Majirani wakiuliza, husema amekwenda Nairobi, au ana upungufu wa damu. Baba huja kujua mwisho. Na mtaa wote, siku nyingi, ulikuwa ukijua. Kilichofichika ni machozi ya mama tu.

Mara nyingine kijana hufungiwa chumbani na kuapishwa msahafu. Nia ni njema, lakini mwili uliozoea heroini hauponi kwa kiapo. Akiikosa hupatwa na arosto: viungo humuuma, hutapika, huharisha, hutetemeka. Na yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa akirudia kipimo chake cha zamani baada ya kuacha kwa muda, kwa sababu mwili umeshapoteza uzoevu wake. Mambo haya yana matibabu. Kwa miaka kadhaa sasa dawa ya methadoni imekuwa ikitolewa Malindi na Kisauni. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, ikamtuliza ile arosto, akaweza kurudi kazini na kwa watoto wake. Kwa wengi wetu dawa hiyo iko umbali wa nauli ya matatu. Lakini hafiki huko kijana ambaye nyumba yao haijakubali kulitaja gonjwa lake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na tumezika vijana wengi mno ambao sababu ya kufa kwao haikutamkwa hata makaburini.

La pili ni huzuni ya mzazi. Katika arubaini yake, mwanamke wetu hutunzwa kwa uji wa pilipili manga, kwa kukandwa na kwa ubani. Mwili wake hushughulikiwa vyema. Moyo wake ni wachache wanaouuliza. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa katika nchi zinazoendelea, karibu mama 1 katika kila 5 hupata maradhi ya akili baada ya kujifungua, na zaidi ni ile huzuni nzito isiyoondoka. Dalili zake ni kulia bila ya kujua sababu, kukosa usingizi hata mtoto akilala, kutoona raha ya mwana aliyemtamani, na kujiona hafai kuwa mama. Akijaribu kulisema huambiwa ashukuru, kwani wako wasiojaaliwa. Naye hushukuru kwa ulimi na kuzama kwa moyo.

Tukumbuke Bi. Maryam (a.s.). Uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende, alitamani angekufa kabla ya hayo na kusahaulika kabisa. Huyu ni mwanamke aliyeteuliwa na kutakaswa. Na jibu alilopata halikuwa karipio. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake, akaelekezwa autikise mtende apate tende mbivu ale. Alipewa faraja, kinywaji na chakula. Basi mzazi akisema mfano wa maneno yale, tusimwite mkosefu wa shukrani. Mtoto apokewe ili mama alale. Hali ikizidi wiki mbili, apelekwe hospitali. Na akitaja kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake na apelekwe siku ile ile.

Moyo mzima

Lugha yetu ina neno zuri: mzima. Twaliita kitu kizima kisichomeguka, na twamwita mtu mzima aliye hai na mwenye afya. Mtu anayeonyesha uso mmoja kwa watu na kubeba mwingine chumbani moyo wake umegawika, na moyo uliogawika huchoka upesi.

Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, Bi. Brené Brown, alitumia miaka mingi kuwasikiliza watu wakisimulia aibu zao. Katika mwaka 2010 alitoa hotuba iliyosikilizwa na mamilioni, na katika mwaka huo huo kitabu chake The Gifts of Imperfection kikachapishwa. Alieleza kuwa watu aliowakuta wakiishi kwa moyo mzima hawakuwa wale wasiopatwa na misiba. Walikuwa ni wale waliothubutu kuonekana jinsi walivyo, pamoja na upungufu wao. Lakini hakusema mtu amwage siri zake kwa kila apitaye. Alisisitiza kuwa hadithi ya mtu huelezwa aliyestahiki kuisikia. Sisi twaona jambo hili halitupi ugeni. Mtume (s.a.w.) hakuieleza hofu yake sokoni Makka. Aliieleza kwa Bi. Khadija.

Na mila zetu nazo ziliandaa mahali pa kusemea. Mwanamwali alipewa somo wake, mwanamke mtu mzima wa kumfunza na kumwekea siri, ambaye hata baada ya harusi aliweza kumwendea na kusema lile asiloweza kumwambia mamake. Mjane alipewa eda ya miezi 4 na siku 10, muda ambao jamii nzima yajua kuwa huyu amefiwa, asitarajiwe kuwa kama jana. Leo somo wengi wamebaki wa siku ya harusi tu, na eda yakaliwa na simu mkononi, wageni wakiwa wamekwisha siku ya tatu.

Fundi wa jahazi hulipandisha pwani, akazitafuta nyufa moja moja kwa mkono, akazitia kalafati. Nahodha anayeupaka ufa rangi ili watu wasiuone hana la kujitetea lije wimbi. Uimara wa chombo hutokana na nyufa zilizotazamwa zikazibwa. Nasi ndivyo tulivyo.

Kwa hivyo twatoa nasaha chache za wiki hii.

Kwa mwenye dhiki: anza kwa sijda, kwani hapo hapana cha kuficha. Kisha mchague mtu mmoja, mwenye amana, ambaye hujapata kumsikia akitoa siri ya mwingine. Mweleze jambo lenyewe bila ya kulipamba, na umwambie wataka nini kwake: kusikilizwa, shauri, au kusindikizwa mahali.

Kwa anayeelezwa: funga mlango na uiweke simu mbali. Usilinganishe msiba wake na wako. Usikimbilie fatwa. Mkumbushe mema yake unayoyajua, na likikushinda, mpeleke kwa daktari, kadhi au mwanachuoni, nawe uende naye. Yaliyosemwa yabaki hapo, maana amana ikivunjwa mara moja, mtu huyo huenda asiseme tena maisha yake yote.

Kwa kina baba: mtoto wa kiume anayekuona ukiinua mikono na machozi yakikutoka hajifunzi udhaifu. Ajifunza pa kuipeleka huzuni yake, ili asiipeleke kwenye unga.

Na kwa sisi sote: safari ijayo ulimi utakapotaka kusema “jikaze”, tuuzuie kidogo, tukae karibu na mwenzetu, tumuulize, “Yapi yaliyokupata?” Kisha tunyamaze sisi, aseme yeye.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusitiri katika yale yanayostahiki sitara, atupe ujasiri wa kuyasema yanayotaka dawa, awajaze subira njema waliofiwa, awaponye vijana wetu, na atujaalie kila mmoja wetu awe mtu wa kuaminiwa na mwenye kuumia. Amin.

Wabillahi tawfiq.